Kilichopimwa Hakikurudi

Mwezi uliopita nilimwambia kijana wa zahanati apande yeye kwanza. Alikuwa amenionyesha kile kipimo cha uzito pale sakafuni, akaniambia, Mama, vua viatu, panda. Nikamtazama machoni, nikakitazama kipimo chenyewe, nikamwomba apande mbele yangu nione. Alicheka, akapanda, sindano ikakimbia na kusimama, akashuka mzima. Ndipo nami nikapanda. Wanawake waliokuwa kwenye benchi walidhani nafanya mzaha, na mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba mama huyu ana vituko. Acha waseme. Ninyi mliokulia huko kwetu wakati wa Wabelgiji mtanielewa bila mimi kujitetea sana.

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Nikiletewa chai nje ya nyumba yangu naangalia kwanza nani ameshakunywa. Harufu ya maziwa ya unga yakikorogwa kwenye maji ya moto inanifanya hata leo nigeuke kutafuta mlango ulipo. Msimu huu wa mvua tumemzika shangazi yangu Amisa, dada ya baba, na tangu tumzike harufu hiyo inanifuata hata mahali ambapo hakuna maziwa. Nimeona heri niiandike habari yake, labda itaniacha.

Kijiji chetu kilikuwa kwenye njia ya Kabambare, upande wa Lusangi. Baba alilima mpunga na pamba. Pamba hakuipenda, lakini hakuna aliyemuuliza kama anaipenda. Siku ya kuuza, kila nyumba ilibeba vikapu vyake mpaka kwenye banda la mabati kando ya barabara, ambako mzani mkubwa ulining'inia kwenye boriti. Wenyewe tuliuita kilo. Ulikuwa na uso wa mviringo, sindano moja, na chini yake ndoano nene. Msimamizi wa pamba alitundika kikapu, akatazama sindano, akaandika kwenye daftari. Kikapu kizito kilimwagwa kwenye gunia na gunia likapakiwa kwenye lori. Kikapu chepesi alikirudisha kwa mkono mmoja, akimwambia mwenyewe arudi nacho nyumbani akaongeze.

Sisi watoto tulikaa ukutani tukitazama, na mimi nikajifunza pale jambo moja ambalo hakuna mtu mzima aliyenifundisha. Kilichokuwa kizito kilipimwa, kikaandikwa, kikapakiwa, na hakikurudi tena. Chepesi kilirudi nyumbani. Pamba ilifuata sheria hiyo, mpunga pia, kwa hiyo sikuona sababu ya kuwa na sheria nyingine.

Mwaka huo alirudi jirani yetu mmoja aliyekuwa kwenye kazi ya dhahabu upande wa Salamabila. Alikuja mchana, wanawake wakimenya karanga uani kwetu, akakaa na kuanza kusimulia. Alisema huko kuna watu wanaoitwa batumbula. Wanamkamata mtu, wanamfungia, wanamlisha vitu vitamu siku baada ya siku mpaka ananona na kusahau jina lake. Halafu mama akamkatiza, akamwambia anyamaze kwa sababu ya watoto. Laiti angemwacha amalize. Mwisho ule ambao hakuusema niliutunga mwenyewe, na niliutunga vibaya kuliko ambavyo yeye angeweza.

Haukupita muda mrefu, akaja muganga mmoja wa hospitali ya Kasongo, mtu mweusi mwenye koti jeupe, pamoja na Madamu wa Kizungu aliyevaa kofia. Walisema wanataka kupima watoto wote. Walitafuta mahali penye kivuli, wakapata banda la pamba. Na kwa kuwa mzani ulikuwa tayari pale, walifunga kitambaa kigumu kwenye ile ndoano, kikawa kama mfuko wenye matundu ya kupitisha miguu.

Wa kwanza kutundikwa alikuwa Feza, mtoto wa nyumba ya pili, niliyezoea kumbeba mgongoni mama yake alipokwenda shamba. Alikuwa na miaka minne hivi. Siku za karibuni mashavu yake yalikuwa yamejaa, miguu imetuna na kung'aa, nywele zimekuwa nyekundu kama ndevu za mahindi. Mimi niliona mtoto aliyenona, na nikamwonea wivu, kwa sababu kwetu mtu akikuambia umenona amekusifu. Muganga alimbonyeza mguu kwa kidole gumba, shimo likabaki. Akasema maneno na Madamu kwa Kifaransa, akaandika. Wakamkorogea Feza maziwa ya unga palepale, wakamnywesha, na kabla jua halijashuka yeye na mama yake walikuwa juu ya lori kuelekea Kasongo. Alipimwa, akaandikwa, akapakiwa. Mimi nilisimama kando ya barabara nikihesabu hatua hizo tatu.

Nilipotundikwa mimi, muganga alitabasamu, akamwambia baba, "Huyu iko muzuri. Tutarudia kumupima kisha myezi mbili." Baba alifurahi. Mimi nilisikia kwamba bado sijaiva.

Kuanzia siku hiyo niliacha kula. Si rahisi kuacha kula katika nyumba ambamo wanawake na wasichana wote wanakula kwenye sahani moja, lakini pia ni rahisi kuliko mnavyofikiri, maana mikono inaingia na kutoka na hakuna anayehesabu tonge za mwenzake. Nilimega bugali, nikachovya kwenye sombe ya majani ya muhogo, nikapeleka karibu na mdomo, kisha nikaishusha ndani ya nguo yangu. Kuku wetu walinenepa. Nilibakiza kidogo cha kumeza, nisije nikaanguka. Juma la kwanza njaa ilipiga kelele usiku na mchana. Baadaye ilinyamaza, na mahali pake pakaingia kitu ambacho naona aibu kukitaja, yaani majivuno. Mtoni nilihesabu mbavu zangu kwa vidole, na kila ubavu mpya uliojitokeza niliuona ni ushindi. Hata siku ya kumbikumbi, kikapu kizima kikikaangwa na mafuta yakinukia kijiji chote, nilikaa mbali nikajisifu moyoni.

Shangazi Amisa aliishi nasi tangu afiwe na mume. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, anayetembea polepole kwa makusudi, na wenzake walipomsifu unene wake hakujifanya haoni. Alikuwa akisema mwili wake ndilo shamba pekee ambalo msimamizi hajawahi kulipima. Yeye ndiye aliyeanza kunitazama. Nilikuwa nikiinua macho kutoka kwenye sahani nakuta amesimamisha tonge yake hewani, ananiangalia mimi, kisha anaangalia mkono wangu. Nami nikaanza kumshuku yeye, kwamba labda ndiye anayepeleka habari kwa muganga.

Kukonda kwangu kukaonekana. Mama alinipa dawa ya minyoo, kali kama nyongo. Haikusaidia, na isingeweza. Ndipo alipoanza kutafuta mkono wa mtu. Sombe iliyoletwa na jirani ilimwagwa nyuma ya nyumba. Wanawake waliokuwa wakiombana moto na chumvi bila kubisha hodi walianza kusalimiana kwa mbali, kila mmoja akiangalia mwenzake amebeba nini. Nilijua ukweli, nikanyamaza. Katika yote niliyofanya utotoni, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko njaa yenyewe.

Muganga aliporudi nilikwenda bandani bila kusukumwa. Nilikaa kwenye kile kitambaa nikaona sindano inasogea kidogo tu, inasimama. Nilisubiri anirudishe kwa mkono mmoja, aseme nenda nyumbani ukaongeze. Badala yake alinifunua jicho, akanishika mkono wa juu kwa vidole viwili, vidole vikakutana. Akaandika kwa muda mrefu. Halafu akamwambia baba kwamba mimi nakwenda Kasongo, na nakwenda siku hiyohiyo. Nilikimbia mpaka kwenye migomba. Baba alinikamata bila shida, miguu haikuwa na nguvu tena. Mama alikuwa na mtoto mchanga wa siku chache, hakuweza kusafiri, kwa hiyo shangazi alikaza kikwembe chake kiunoni, akapanda lori, akanipakata.

Hospitali ya Kasongo ilikuwa na chumba kirefu cha watoto, na chumba chote kilinuka maziwa yale. Mwanamke wa jikoni alipita na ndoo, akajaza kikombe cha bati, akakiweka mbele yangu, akaenda zake kwa mwingine. Nilikitazama. Kwetu mtu akikupa kinywaji au chakula, anaonja yeye kwanza mbele ya macho yako, ndipo anakupa. Hata adui anafanya hivyo. Hapa hakuna aliyeonja. Nilifunga mdomo, na nilipofunguliwa kwa kijiko nilitema.

Siku ya pili akaja mtoto mmoja mwembamba, miguu mikavu, akanivuta kidole akicheka. Shangazi alimtambua kabla yangu. Alikuwa Feza. Nilimgeuza nikamtafuta yule Feza wa zamani, mashavu yake, miguu yake ya kung'aa, sikumwona. Mafuta yote yalikuwa yameondoka. Nilimuuliza shangazi yamepelekwa wapi, naye akamuuliza muganga. Muganga alieleza kwa upole kwamba yale hayakuwa mafuta. Ilikuwa ni maji, alisema, mtoto akikosa chakula cha kujenga mwili anavimba, na akipata maziwa maji yanatoka. Maneno yake yalikuwa ya kweli kabisa, ninajua sasa. Lakini nilimtazama shangazi usoni akisikiliza, nikaona kwamba na yeye hajaamini.

Siku ya tatu nilimsikia muganga akimwambia shangazi mlangoni kwamba mimi nisipokunywa, yeye hana dawa nyingine, na asije akamlaumu mtu. Shangazi alirudi, akakaa chini kwenye saruji mbele ya kitanda changu, mwili wake wote. Akaniuliza swali moja tu.

"Mwavita, ni tumbo inakataa, ao ni woga?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Wote waliuliza kwa nini huli. Nikamwambia kila kitu, kuhusu kilo ya pamba, vikapu vyepesi vinavyorudi nyumbani, batumbula, Feza aliyejazwa kisha akamwagwa, na kuku. Nilimwambia hata kuhusu sombe ya jirani. Hakucheka, wala hakunikaripia. Alichukua kile kikombe, akanywa mkupuo mzima mbele yangu. Niliona koo halijasogea, nikafikiri ameyaficha shavuni kama nilivyofanya mimi na bugali.

"Meza, nione," nilimwambia.

Akameza. Akafungua mdomo, akainua ulimi, akanigeuzia uso kwenye mwanga wa dirisha. Nilichungulia vizuri. Ndipo nikanywa mkupuo mmoja, ulionishukia ukiwa vuguvugu na mtamu mpaka nikaona haya.

Ikawa hiyo ndiyo njia yetu. Kila kikombe alianza yeye, kila mara akafungua mdomo nikakagua. Baadaye yakaja mayai, wali na samaki wa Nyangwe, navyo pia alivionja. Nilipoweka chakula chini aliniuliza ni tumbo au ni woga. Ikiwa ni tumbo, alikiondoa bila neno, hakunilazimisha hata kijiko. Ikiwa ni woga, alionja tena. Mwanzoni nilichanganya hivyo viwili, sikujua kuvitenganisha. Polepole nikaanza kusikia kwamba tumbo linasema chini, na woga unasema juu, kooni.

Siku moja nilimwona anatoka haraka baada ya kikombe cha mchana. Mshuku hakosi miguu. Nilimfuata mpaka nyuma ya jiko la hospitali, nikamkuta ameinama, mkono mmoja ukutani, anatapika. Yalitoka meupe. Nilijua basi kwamba nilikuwa sahihi tangu mwanzo, na wala sikufurahi kuwa sahihi.

"Maziwa iko nakuua," nilimwambia.

Alijifuta kwa pembe ya kikwembe. "Hapana. Ni tumbo yangu inayakataa, tangu siku ya kwanza. Yako inayakubali, nimeangalia."

"Sasa unakunywa juu ya nini?"

"Juu unaniambia meza, nione."

Nilimuuliza basi anijibu kweli, kama batumbula wapo au hawapo. Alitazama barabara upande tulikotoka. Shangazi Amisa hakuwa mtu wa kudanganya watoto ili walale.

"Sijui," alisema. "Na mimi naogopa. Ile habari niliisikia uani sawa na wewe. Lakini nilisema mu roho yangu, kama ni kweli, hawatakubeba peke yako. Tutanona wote wawili, tutapakiwa wote wawili."

Nililia pale nyuma ya jiko, nikiwa nimeshika kikwembe chake. Ingawa nilimwona hakuamini ile habari ya maji, siku zote hizo nilifikiri ananionjea kwa sababu anajua maziwa yenyewe hayana hatari. Kumbe alikuwa anakunywa kile ambacho yeye mwenyewe alikishuku, kikombe baada ya kikombe, na tumbo lake likimkataza.

Jioni hiyo mwanamke wa ndoo alipopita, nilinyakua kikombe kabla shangazi hajaufikisha mkono, nikanywa mpaka chini. Kisha nikamfungulia mdomo bila kuombwa. Hakugusa maziwa tena tangu hapo.

Siku ya kutuachia nilipimwa, sindano ikapanda, muganga akapiga makofi mara moja. Shangazi akasema na yeye apimwe. Walishangaa, wakampandisha kwenye kipimo cha watu wazima. Sikujua uzito wake wa zamani, lakini nilijua kikwembe chake, kilichokuwa kikimzunguka kiuno mara moja na kubakiza ncha ndogo ya kufungia. Sasa kilimzunguka mara mbili. Aliishika ile ncha ndefu, akaitazama, akaniambia hilo shamba litalimwa upya.

Tulirudi. Watoto wa kijiji walisimama kando ya barabara wakitutazama tukishuka, na nadhani baadhi yao walikuwa na sheria kama yangu, ikavunjika siku hiyo. Nilimwambia mama habari ya kuku. Hakunipiga. Alipika sombe, akaipeleka mwenyewe kwa jirani aliyemshuku, akaonja mbele yake, na yule mama akachelewa kidogo kabla ya kupokea. Sikumlaumu.

Nisidanganye kwamba mambo yangu na chakula yaliisha pale. Mtu aliyejifunza kujivunia mbavu zake hasahau haraka. Nilipokuwa msichana, nikichukizwa na jambo lolote, la kwanza lilikuwa kusukuma sahani. Nilipofiwa na mume nilifanya kinyume, nikala vya jana na vya leo, nimesimama jikoni, sufuria mkononi, mpaka nguo zikanikataa. Kila mara kilichonirudisha ni lile swali, nikijiuliza mwenyewe kwa sauti yake. Ni tumbo inaomba, ao ni woga? Yule kijana wa zahanati ameniambia nipunguze mawese na chumvi, na nitapunguza, kwa kuwa alikubali kupanda kwanza. Lakini sitaki tena mwili wangu uwe kikapu ambacho mtu mwingine anatazama sindano kisha anasema kinakwenda au kinarudi.

Majuma yake ya mwisho shangazi aliacha kula. Watu wa nyumbani walimbembeleza, wakamkaripia, wakamwambia anawatia aibu. Nilikwenda na uji wa mchele, bila maziwa. Alikitazama kikombe, akanitazama mimi, na nikayajua yale macho, maana ndiyo haya yangu.

"Ni tumbo inakataa, shangazi, ao ni woga?"

Alijigusa tumbo, kisha koo, kama mtu anayetaka kusema kweli.

"Ni woga," alisema. "Safari hii napakiwa peke yangu."

Niliinua kikombe nikanywa kwanza, mkupuo mzima. Akakaza macho kwenye koo langu.

"Meza, nione."

Nikameza. Nikafungua mdomo, nikainua ulimi, nikageukia mwanga wa dirisha ili achungulie vizuri. Alichungulia. Akanyoosha mkono, akanywa nusu kikombe. Nusu iliyobaki niliimaliza mimi.